Haki Yake Mpeni: Nani Hasa Aliyesema Kauli Hii?

Hotuba kwa walimu, wahariri, wakutubi na washereheshaji. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wahariri, wakutubi, na ninyi washereheshaji ambao kila mwisho wa wiki mnashika kipaza sauti mbele ya ukumbi uliojaa: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Naomba nianze kwa kuuliza. Kauli hii ni ya nani? "Wamisionari walipofika Afrika, wao walikuwa na Biblia, sisi tulikuwa na ardhi. Wakatuambia tufumbe macho tusali. Tulipofumbua, Biblia ilikuwa mikononi mwetu na ardhi ilikuwa mikononi mwao."

Nasikia Kenyatta. Nasikia Askofu Tutu. Mnayataja majina hayo kwa uhakika, na ndivyo yalivyoandikwa kwenye picha tunazotumiana kwenye simu. Sasa nauliza swali la pili, na hili ndilo lililotukusanya: aliisema lini? Aliisema wapi? Mbele ya nani, na nani aliyeiandika siku hiyo?

Mnaona ukumbi ulivyonyamaza.

Tuangalie kilichochapwa. Mwaka 1962 mwandishi Mmarekani mweusi, James Baldwin, alitoa insha ndefu katika jarida la New Yorker, na mwaka 1963 ikaingia kitabuni. Humo anasema Waafrika wana namna yao ya kulieleza jambo hili: mzungu alipokuja Afrika alikuwa na Biblia, na Mwafrika alikuwa na ardhi. Kisha Baldwin anaongeza mkia wake mwenyewe, kwamba sasa mzungu anatenganishwa na ile ardhi kwa shingo upande na kwa damu, huku Mwafrika akihangaika ama kuimeng'enya ile Biblia ama kuitapika. Hapo hamtaji Kenyatta. Tutu ndiyo kabisa: miaka ile alikuwa padri kijana, ndiyo kwanza amepewa upadri. Baldwin anasema "Waafrika", basi. Maana yake ni kwamba kufikia 1962 mzaha huu ulikuwa umeshavuka bahari ukiwa mzaha wa watu wote. Askofu Tutu aliusimulia baadaye, tena kwa ule mcheko wake, na wengi wakaupokea kutoka kinywani mwake. Lakini kusimulia si kutunga, ndugu zangu. Aliyetunga ni mtu ambaye labda alinyang'anywa shamba, akakaa na wenzake jioni, akalisema, wakacheka kwa uchungu. Huyo ndiye ninayemtetea leo.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kauli ya busara au ya kuchekesha ni kazi ya akili ya mtu. Ukimpa mwingine, umemdhulumu mwenyewe. Na ukisimama mbele ya watu mia tatu ukampa mwingine, umewafanya watu mia tatu wamdhulumu pamoja nawe.

Jambo la kwanza ninalotaka tulielewe ni kwamba kauli hukimbilia jina kubwa. Hukimbilia jina kubwa kama vipande vya chuma kwenye sumaku. Mwingereza Nigel Rees, aliyeendesha kwa miaka mingi kipindi cha nukuu katika redio ya BBC, aliuona mwenendo huu akaupa jina la Churchill, kwa sababu kwa Waingereza kila jibu kali lisilo na mwenyewe huishia kwa Winston Churchill, waziri mkuu wao wa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Mnakijua kisa cha kahawa. Lady Nancy Astor anamwambia Churchill: "Ungekuwa mume wangu, ningekutilia sumu kwenye kahawa." Churchill anajibu: "Ungekuwa mke wangu, ningeinywa." Kizuri! Lakini mzaha huu ulichapwa katika magazeti ya Marekani mwaka 1899, kati ya watu wasiotajwa majina. Mwaka 1899 Churchill alikuwa kijana wa miaka 24, mwandishi wa habari za vita Afrika Kusini, na Novemba ya mwaka huo Makaburu wakamteka. Nancy Astor aliingia bungeni mwaka 1919. Miaka ishirini nzima baada ya mzaha kuchapwa! Wahusika waliletwa baadaye, wakapachikwa kwenye kisa kilichokwisha kuwapo.

Kingine ni cha tiketi. Mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw anampelekea Churchill tiketi mbili za onyesho la kwanza: "Njoo na rafiki, kama unaye." Churchill anajibu: "Onyesho la kwanza sitaweza. Nitakuja la pili, kama litakuwapo." Hapa tuna bahati isiyotokea mara nyingi, kwa sababu mwaka 1949 mtu aliwaandikia wote wawili wakiwa hai kuwauliza. Shaw alijibu kuwa ni uongo mtupu. Churchill, kupitia katibu wake, akajibu kuwa muulizaji amepotoshwa. Watu wawili wanaohusika wamekana, na bado hadi leo kisa kinasomwa kwenye karamu kama vile hawakukana.

Je, ina maana Churchill hakuwa mcheshi? Hapana! Na hili naomba mlishike, kwa sababu watu wakishaanza kukagua nukuu hufika mahali wakadhani kila kitu ni uzushi. Tarehe 30 Desemba 1941, mbele ya Bunge la Kanada mjini Ottawa, Churchill alieleza jinsi majenerali wa Ufaransa walivyoiambia serikali yao kwamba katika wiki tatu Uingereza itakuwa imenyongwa shingo kama kuku. Akasema: "Kuku kwelikweli huyo!" Akangoja watu wacheke. Kisha: "Na shingo kwelikweli hiyo!" Ipo sauti, ipo filamu, unasikia kicheko cha wabunge na unasikia alivyosubiri. Mzaha ule ulipimwa na kupangwa na mtu aliyejua kazi yake, na una tarehe, ukumbi na mashahidi.

Ipo pia ile ya demokrasia, kwamba ndiyo namna mbaya kuliko zote ya utawala ukiondoa zile nyingine zote zilizowahi kujaribiwa. Aliisema kweli, katika Bunge la Uingereza, tarehe 11 Novemba 1947. Ukifungua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za maneno ya bungeni, utaona maneno aliyotanguliza: "Imewahi kusemwa kwamba..." Churchill mwenyewe alikuwa ananukuu! Alimheshimu asiyejulikana. Sisi tukakata maneno yale ya mwanzo na kumpa yeye yote. Muungwana anasema "si yangu", nasi tunamlazimisha aichukue.

Na sisi wa pwani na bara tunaujua mwenendo huu tangu utotoni, ila hatukuupa jina. Abunuwasi ni nani? Yule aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani, akasema "imezaa", jirani akafurahi, akaazimisha tena, mara ya pili Abunuwasi akaja mikono mitupu: "Sufuria yako imekufa." Jirani aliyekubali kuwa sufuria huzaa atakataaje kuwa hufa? Kisa hichohicho Waturuki wanacho, kwa jina la Nasreddin Hoja. Waarabu wanacho kwa jina la Juha. Naye Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, aliyefariki karibu mwaka 814, aliyesifika kwa mashairi ya mvinyo, ya uwindaji na ya ucheshi. Hana uhusiano wowote unaojulikana na sufuria ya jirani. Alikuwa na sifa ya ulimi mkali, na sifa hiyo ilitosha kumletea visa vya mashariki yote hadi Unguja.

Sasa, visa vya Abunuwasi havimdhulumu mtu. Ni hekaya, na kila msikilizaji anajua ni hekaya. Dhuluma inaanzia pale ambapo aliyesema yupo, anajulikana, ana jina, na tunamfuta.

Na hili ndilo jambo la pili. Chukueni ile inayopendwa na waandishi wa habari kuliko zote: "Siyakubali unayoyasema, lakini nitatetea hadi kufa haki yako ya kuyasema." Nani? Voltaire, mnasema. Voltaire, mwandishi wa Kifaransa, alikufa mwaka 1778. Sentensi hii ilitokea mwaka 1906, katika kitabu kuhusu marafiki wa Voltaire kilichoandikwa na Mwingereza Evelyn Beatrice Hall, ambaye alichapa kwa jina la S. G. Tallentyre. Alikuwa anaeleza msimamo wa Voltaire kuhusu kitabu cha mwanafalsafa Helvétius kilichochomwa moto na wakuu, na akaueleza kwa maneno yake mwenyewe. Kosa lilikuwa moja, dogo kwa macho: aliyafunga maneno hayo kwa alama za kunukuu. Mwaka 1939 aliandika barua akasema wazi kuwa ni maneno yake yeye, na kwamba hayakupaswa kuwekwa ndani ya alama zile. Mwanamke ametunga moja ya sentensi zinazonukuliwa sana duniani kuhusu uhuru wa kusema, na kila siku inasomwa kwa jina la mwanamume aliyekufa karibu miaka mia moja kabla huyu mama hajazaliwa.

Au hii: "Kwanza watakupuuza, kisha watakucheka, kisha watapigana nawe, kisha utashinda." Kila mwaka wa uchaguzi inarudi, na picha ya Mahatma Gandhi iko pembeni. Mwaka 1918, Baltimore, Marekani, katika mkutano mkuu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, alisimama mtetezi wa wafanyakazi aitwaye Nicholas Klein. Akawaambia: kwanza wanakupuuza, halafu wanakudhihaki, halafu wanakushambulia na kutaka kukuchoma moto, halafu wanakujengea minara ya kumbukumbu. Kumbukumbu za mkutano zilichapwa, na zipo. Nani hapa alikuwa amewahi kulisikia jina la Nicholas Klein? Aliwaambia mafundi cherehani wasikate tamaa, na maneno yake yametia moyo nusu ya dunia bila jina lake.

Kwa Mzee Mandela ni hivyohivyo. Yale maneno ya "hofu yetu kubwa si kwamba hatutoshi, hofu yetu kubwa ni kwamba tuna nguvu kupita kiasi" yanasemwa yalitoka kwenye hotuba ya kuapishwa kwake, tarehe 10 Mei 1994, Pretoria. Hotuba ile ipo yote na ni fupi, unaimaliza kwa dakika chache. Haina maneno hayo. Aliyeyaandika ni Mmarekani Marianne Williamson, katika kitabu cha mwaka 1992. Kama mnataka ya Mandela, chukueni ya elimu kuwa silaha yenye nguvu kuliko zote mnayoweza kuitumia kubadilisha dunia: aliisema Johannesburg tarehe 16 Julai 2003, na maandishi ya hotuba yamehifadhiwa.

Wapo pia waliobambikiwa ubaya. Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa aliambiwa watu hawana mkate, akajibu "basi wale keki". Mwanafalsafa Rousseau ndiye aliyeandika kisa hicho, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe, sehemu aliyoiandika katikati ya miaka ya 1760. Anasema aliyetamka ni binti mmoja mkubwa wa kifalme, na hamtaji jina. Wala chakula si keki, ni brioche, mkate laini wa mayai na siagi. Marie Antoinette alizaliwa Vienna mwaka 1755 na akafika Ufaransa mwaka 1770. Rousseau alipokuwa anaandika, huyu alikuwa mtoto, bado yuko kwao Austria. Alikatwa kichwa mwaka 1793, na miaka zaidi ya mia mbili baadaye tunaendelea kumshtaki kwa sentensi isiyo yake.

Jirani yetu Idi Amin naye ana rundo la kauli mtandaoni. "Uhuru wa kusema upo, ila uhuru baada ya kusema siwahakikishii." Tarehe? Mahali? Hazitajwi. Na jueni kwamba katika miaka ya 1970 mwandishi wa vichekesho wa London, Alan Coren, alikuwa akitunga katika jarida la Punch "taarifa" za Amin kwa Kiingereza cha kuvunjavunja, na zikakusanywa kitabuni mwaka 1974. Anayenukuu kutoka humo ananukuu mzaha wa Mwingereza. Ajabu ni kwamba ile inayoonekana ya kutunga kuliko zote ni ya kweli: mwaka 1972 Amin alimpelekea Mwalimu Nyerere simu ya maandishi akimwambia kuwa anampenda sana, na kwamba lau angekuwa mwanamke angefikiria kumwoa, ingawa kichwa chake kimejaa mvi. Kwa hiyo huwezi kuamua kwa pua tu, kwa kunusa kama inafanana naye. Lazima utafute. Na kwa Amin nina sababu nyingine ya kusisitiza: kila mzaha wa uongo unaoongezwa unamfanya achekeshe zaidi, na waliouawa Uganda wanazidi kusahauliwa.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote niliyoyaleta leo.

Mzee wetu Ali Hassan Mwinyi, Rais wa awamu ya pili, alifariki tarehe 29 Februari 2024. Siku zile, kuanzia Dar es Salaam hadi Mangapwani alikozikwa, kauli moja ilisomwa kila mahali: "Maisha ya binadamu ni hadithi tu. Ewe ndugu yangu, kuwa hadithi nzuri kwa hao watakaosimuliwa." Ni kauli ya Mzee Mwinyi, kwa maana kwamba ndiye aliyewapa Watanzania kwa Kiswahili hicho kitamu, na akaishi nayo. Lakini mizizi yake iko mbali, na nadhani mkiisikia safari yake mtaipenda zaidi.

Kuna ubeti wa Kiarabu usemao kwamba hakika mtu si kitu ila ni hadithi baada yake. Basi kuwa hadithi nzuri kwa mwenye kuhifadhi. Ni wa Ibn Duraid, mwanalugha na mshairi aliyezaliwa Basra mwaka 837 na kufariki Baghdad mwaka 933. Umo katika utenzi wake mrefu uitwao Maqsura. Na sikilizeni hili. Mwaka 871 Basra ilivamiwa na kutekwa. Na nani? Na Zanji, watumwa waliokuwa wakifanyishwa kazi kwenye mabwawa ya chumvi ya kusini mwa Iraki, waliopewa jina ambalo Waarabu waliliita pwani yetu hii. Ibn Duraid akakimbia, akaenda Oman, nchi ya kabila lake la Azd, akakaa huko miaka 12. Baadaye akaenda Uajemi, na huko ndiko alikoitunga Maqsura kuwasifu wenyeji wake.

Utenzi ule ukasomwa na kuhifadhiwa na wanafunzi wa Kiarabu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mzee Mwinyi, Mswahili aliyekijua Kiarabu, aliyewahi kuwa balozi wetu Misri, akaitoa hekima hiyo kwa Kiswahili. Je, kumtaja Ibn Duraid kunampunguzia Mzee Mwinyi? Hata kidogo! Kunaonyesha alikuwa msomi aliyejua kuchagua. Kinachompunguzia ni kutojua kwamba alikuwa amebeba hazina ya miaka elfu na zaidi.

Na msidhani kazi hii ya kutafuta mwenyewe ni ya kigeni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, bingwa wa majibizano ya kishairi, alifariki mwaka 1840. Miaka karibu hamsini baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alikuwa akizunguka kwa wazee kukusanya mashairi yale, na akamweleza mmisionari William Taylor si beti tu, bali nani alijibiwa, kwa ugomvi gani, katika vita gani. Diwani ya mashairi hayo ikatoka mwaka 1940, Sikujua akiwa amekwisha kufariki. Kijembe cha Muyaka bila kisa chake hakieleweki. Sikujua ndiye aliyetuhifadhia visa. Fanyeni kama yeye.

Mnafanyaje? Nitawapa hatua, na nitawaambia penye mitego.

Anza na tarehe ya kifo. Ni dakika moja. Kama kauli haionekani popote mtu akiwa hai, tia shaka. Ile ya kwamba ukitenda jambo lilelile tena na tena ukitarajia matokeo tofauti una wazimu, inapewa Einstein; alifariki 1955, na maneno hayo yanaonekana kwenye machapisho mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ile ya uongo kuzunguka nusu ya dunia kabla ukweli haujavaa viatu inapewa mwandishi Mmarekani Mark Twain, aliyefariki 1910. Jonathan Swift alikuwa ameandika mwaka 1710 kwamba uongo huruka, na ukweli huja nyuma ukichechemea.

Kisha tafuta kwa maneno machache. Usiweke sentensi nzima kwenye mtambo wa kutafutia. Chagua maneno manne hadi sita yanayofuatana, yale yasiyo ya kawaida, yafunge kwa alama za kunukuu, halafu rudia kwa kubadilisha neno moja moja, kwa sababu kauli ikipita midomoni hubadilika. Mwaka 1897, Twain akiwa London, zilienea habari kwamba yuko mahututi. Akaandika kijibarua, na gazeti la New York Journal likakichapa tarehe 2 Juni: mgonjwa alikuwa binamu yake, naye ameshapona, "taarifa ya kifo changu ilitiwa chumvi". Leo watu husema "taarifa za kifo changu zimetiwa chumvi mno". Wingi umeongezwa, "mno" imeongezwa. Ukitafuta "mno" hutaifikia karatasi ya 1897.

Tafuta katika lugha aliyoisemea. Voltaire atafutwe kwa Kifaransa, Ibn Duraid kwa Kiarabu bila irabu, Einstein kwa Kijerumani. Kwa Kiswahili cha zamani, kumbukeni kwamba tahajia ilisanifiwa kuanzia 1930. Vitabu vya kabla ya hapo vina "khabari", vina "rukhsa", na ukiandika kwa tahajia ya leo hutapata kitu.

Mtego mkubwa uko kwenye vitabu vilivyoskaniwa. Jarida lililoanza 1890 linaweza kuonyeshwa kuwa lote ni la 1890, hata ukurasa unaousoma ukiwa wa 1935. Watu wengi wameanguka hapo na kutangaza kwamba wamepata chanzo cha kale. Usiamini tarehe iliyo kwenye matokeo. Fungua ukurasa wenyewe, tafuta jalada la toleo hilo, au tafuta ndani ya juzuu hilohilo jina la kiongozi au tukio ambalo unajua mwaka wake. Ukishindwa, nenda kwa mkutubi. Hawa ndugu waliokaa upande huu wa kulia ndiyo kazi yao, na wanaifanya kwa moyo.

Kwa maneno ya bungeni, fungua Hansadi. Kwa hotuba za redioni, sikiliza sauti, usitegemee kumbukumbu. Sote tunajua hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978 baada ya Amin kuvamia Kagera. Wengi husema "sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao". Sikilizeni kanda. Mwalimu anaanza na uwezo: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo." Aliyesikia anajua kwa nini nia iko mwisho: ndiyo inayobeba uzito wote. Ukibadilisha mpangilio umeharibu kazi ya fundi.

Halafu tofautisha mwandishi na mhusika wake. "Naweza kushinda kila kitu isipokuwa kishawishi" imeandikwa na Oscar Wilde, lakini anayesema ni Lord Darlington katika tamthilia ya mwaka 1892. Taja wote wawili. Na Kaisari hatujui kama alisema "Hata wewe, Bruto?" Suetonius, mwanahistoria wa Roma, anaandika kwamba alikata roho bila neno, ingawa wapo waliodai alisema kwa Kigiriki, "Nawe pia, mwanangu?" Yale mengine tumeyapata kwa Shakespeare, na kwa Kiswahili kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia ile.

Mwisho kabisa ni namna ya kuandika na kutangaza. Ukiwa na tarehe na chanzo, sema "alisema", na utaje mwaka. Ukiwa na mtu wa pili aliyemsikia, sema "amenukuliwa na fulani akisema". Usipokuwa na chochote, sema "inasemekana". Kama umetafsiri wewe, sema umetafsiri wewe. Na usifunge muhtasari wako kwa alama za kunukuu, mkumbukeni Evelyn Hall. Kwenye kipaza sauti yote hayo hayazidi sekunde tano, na mzaha haupungui ladha. Jaribuni: "Mshairi Ibn Duraid aliliimba kwa Kiarabu miaka elfu moja na zaidi iliyopita, Mzee Mwinyi akatupa kwa Kiswahili..." Waombolezaji watainua vichwa.

Ipo moja ambayo nataka mnisaidie. Inasemekana Mwalimu Nyerere, alipobanwa na wageni kuhusu mfumo wa chama kimoja, alijibu kwamba hata Marekani ni nchi ya chama kimoja, ila kwa ule ubadhirifu wao wa kawaida wanavyo viwili. Inafanana naye mno, na tumekwisha kuona kwamba kufanana hakutoshi. Wanaoinukuu hawatoi siku wala mahali. Kama kuna mtu humu mwenye gazeti la zamani, kanda, au barua ya mzazi wake yenye maneno hayo na tarehe, tafadhali asiondoke kabla hatujaonana. Nitakuwa hapo mlangoni na kalamu na daftari.